Adui Ajaye Pamoja na Figo

Mwezi Desemba 2023 madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa kwetu Uganda. Yumkini askari au polisi fulani ataombwa kesho na jamaa yake amtolee figo moja. Kwa hiyo twaona inafaa kueleza hatari ambayo haimalizwi na kisu cha daktari.

Mwili huiona figo ya mtu mwingine kuwa ni mvamizi. Ili usiishambulie, mgonjwa humeza dawa za kupunguza nguvu za kinga yake muda wote figo hiyo iishipo. Ni sawa na kuwaamuru walinzi wa lango waweke silaha chini: mgeni huingia salama, lakini na wezi nao hupita. Daktari Joseph Murray wa Boston aliepukana na shida hiyo mwaka 1954 kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa kufanana. Ni wangapi wenye bahati hiyo?

Mwizi anayehofiwa sana ni saitomegalovirusi. Watu wazima wengi wanaye mwilini bila kujua, naye hulala kimya. Hatari huwa kubwa pale mtoaji anapokuwa naye na mpokeaji hajapata kumjua. Hapo adui huingia amejificha ndani ya zawadi. Akiamka huleta homa, hushambulia mapafu na utumbo, na figo yenyewe huweza kupotea. Ndiyo maana damu ya wote wawili hupimwa kabla ya upasuaji.

Mpokeaji wa namna hiyo aweza kupewa vidonge vya valigansikloviri kila siku, hata kwa siku 200, ingawa hupunguza chembe nyeupe za damu. Ama damu yake hupimwa kila juma, na dawa huanzishwa virusi vinapoonekana, kabla ya homa. Njia hii ya pili ni nzuri, lakini yataka maabara itoayo majibu upesi. Pasipo maabara hiyo, sisi twasema vidonge ni afadhali.

Chanjo nazo zina wakati wake. Ya homa ya ini ya aina ya B hufaa zaidi kabla ya kupandikizwa. Za surua na homa ya manjano, ambazo zina virusi hai, zitolewe mapema, kwani baada ya upasuaji haziruhusiwi kwa kawaida. Naye ndugu mwenye mafua, hata awe afisa mkuu, asiende kumjulia hali mgonjwa mpaka apone.