Mheshimiwa Wako Anamwogopa Nani?

Kila kikundi kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenyekiti akianza kula pesa za mzunguko, wanachama wanaitisha mkutano na kumtoa. Kwa sababu anajua hivyo, anatembea kwa adabu. Sasa hebu tuulize swali hilo hilo juu ya wakubwa. Mheshimiwa wako, ni nani anaweza kumtoa? Ukijua jibu, umejua anamsikiliza nani.

Wenye umri wanakumbuka mwaka 1988. Wakati huo KANU ndicho chama pekee kilichokubaliwa na sheria, tangu 1982. Katika mchujo wa chama watu walipanga foleni mchana kweupe nyuma ya mtu wao, mlolongo, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupigiwa kura ya siri. Kisha mbunge akifukuzwa chamani, kiti nacho kimekwenda. Basi mheshimiwa wa siku hizo, hata akiwa mtu mwema, shingo yake ilitazama Nairobi kwa wakubwa wa chama. Sisi wa kijijini tulimwona siku ya harambee.

Wako waliokataa kutazama huko. George Anyona aliingia Bunge mwaka 1974 kwa kiti cha Kitutu Mashariki, akauliza maswali magumu, na mwaka 1977 akawekwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1982 akataka kuanzisha chama cha pili pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, kizuizini tena. Desemba 1991 kifungu cha 2A, kile cha chama kimoja, kikafutwa. Mwaka uliofuata watu wa Kitutu Masaba wakamrudisha Bunge kwa tiketi ya chama kidogo kabisa, Kenya Social Congress. Mtu hawezi kurudi kwa njia hiyo ikiwa anayeamua ni chama kimoja tu.

Nchi zingine wanafanyaje? Uingereza waziri mkuu na karibu mawaziri wote hutoka ndani ya Bunge lenyewe. Wabunge wakimkataa, serikali inaanguka. Mwaka 1979 serikali ya James Callaghan ilishindwa kwa kura moja tu, 311 kwa 310, ikabidi nchi iende kwa uchaguzi. Jirani zetu Tanzania nao mawaziri ni wabunge, ila Rais huchaguliwa na wananchi wenyewe. Kule Afrika Kusini kwa muda mrefu mpiga kura alichagua chama, siyo mtu. Chama ndicho chenye orodha ya majina. Uzuri wake ni kwamba hata chama kidogo hupata viti vyake. Ubaya ni kwamba mkulima hana mtu wa kumwita "mbunge wangu", na mbunge humwogopa yule anayeandika orodha. Marekani ni tofauti: waziri haruhusiwi kuwa mbunge, ili yule anayetumia pesa asiwe ndiye anayezikagua.

Kenya tulihama. Simeon Nyachae alikuwa mbunge wa Nyaribari Chache na papo hapo Waziri wa Fedha, 1998 hadi 1999. Baada ya Katiba ya 2010 jambo hilo halikubaliwi tena. Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira, alikuwa waziri kutoka 2013 hadi 2022 na hakuwa mbunge wa mahali popote. Sasa wabunge wanamuuliza waziri kama mtu wa nje.

Tena tumepewa wajumbe wengi, na hapa ndipo vikundi vyetu hupotea njia. Kisii ina maeneo bunge 9 na wadi 45. Nyamira maeneo bunge 4 na wadi 20. Ongeza seneta mmoja na mwakilishi wa wanawake mmoja kwa kila kaunti. Jumla ni watu 82 tuliowachagua kwa kura zetu, bila kuhesabu magavana wala wale walioteuliwa na vyama. Halafu kikundi kikikosa dawa katika zahanati, barua inaenda kwa mbunge! Zahanati, barabara ndogo za kijiji, soko, chekechea, maji na ushauri wa kilimo ni kazi ya kaunti. Anayepitisha bajeti hiyo ni mwakilishi wa wadi, yule MCA mnayekutana naye sokoni. Mbunge ana sheria za nchi, kodi, na pesa za serikali kuu kama zile za shule za msingi na sekondari. Seneta hulinda fungu la kaunti na kumhoji gavana zimeendaje. Mwakilishi wa wanawake huketi Bunge la Taifa na ana kura sawa na mbunge mwingine. Kazi yake si mikopo ya akina mama peke yake, na wanaume pia walimpigia kura.

Mkitaka kuona mpango huu ukifanya kazi, tazameni Kisii mwanzo wa mwaka 2024. Bunge la kaunti lilipiga kura kumwondoa naibu gavana, Robert Monda. Hoja ya namna hiyo inahitaji theluthi mbili ya wajumbe. Yeye alikanusha mashtaka, kesi ikapelekwa Seneti, na mwezi wa Machi maseneta wakathibitisha aondoke. Wa wadi walishtaki, maseneta wakaamua, kila kaunti kura moja. Mtu anaweza kukubali au kukataa uamuzi wenyewe, lakini ile njia ilionekana na wote.

Sasa niseme neno ambalo wengine hawatapenda. Tunamharibu mjumbe sisi wenyewe. Akija matangani tunatazama mkono wake, akija harambee tunahesabu noti. Hakuna anayemuuliza alipigaje kura juu ya kodi. Juni 2024 ndipo wengi waliuliza hivyo kwa mara ya kwanza: wabunge walipitisha Mswada wa Fedha, vijana wakaingia barabarani, wengine wakapoteza maisha, na Rais akakataa kuutia sahihi. Ingekuwa nafuu kama maswali hayo yangeulizwa mapema, mswada ukiwa bado kwa kamati. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi.

Na kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Si lazima wakili. Linaweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili au Kiingereza. Elezeni shida yenu, mlikwisha kumwona nani na alijibu nini, kama kuna kesi kortini juu ya jambo hilo, na mnataka Bunge lifanye nini. Wekeni majina, anwani na sahihi. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Ombi hupelekwa kwa Karani wa Bunge, au mbunge analiwasilisha kwa niaba yenu. Kwa mambo ya kaunti, karani ni yule wa bunge la kaunti, Kisii au Nyamira. Bakini na nakala yenye muhuri wa siku mliyoipeleka, na katibu aiweke katika faili ya kikundi.