Jua na LUKU Katika Daftari Moja

Ikiwa nyumba yako ina umeme wa jua pamoja na wa TANESCO, je, wajua yatumia kiasi gani? LUKU huonyesha yuniti zilizobaki. Za jua haizijui. Basi kila jioni, saa ile ile, andika zilizobaki. Zitoe katika za jana, kama hukuongeza nyingine. Kisha jumlisha zilizotoka kwenye mita ya jua.

Paneli ya wati 100 ikipata jua kali kwa saa 5 hutoa kama nusu yuniti. Pasi ya wati 1,000 huimaliza ikiwaka nusu saa. Kompyuta ndogo yaweza kusoma mita zote mbili na kuwasha pampu jua likiwa kali. Lakini hesabu ni hiyo hiyo. Asiyeijua hununua betri isiyomfaa kwa fedha za ada ya watoto.