Bibo Huanguka kwa Picha Nane

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig nchini Ujerumani, alishuka Lindi na kupanda bara na msafara wa wapagazi. Awali alikusudia kwenda kaskazini, pande za Kondoa na Iraku, lakini huko kulikuwa na machafuko, akaelekezwa kusini. Masanduku yake yalibeba kamera ya kawaida, fonografu ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, na kinematografu, mashine ya kupiga picha zinazotembea. Kwa hiyo Masasi na Newala, ambazo leo ukizitaja watu hufikiria korosho tu, ni miongoni mwa sehemu za mwanzo Afrika Mashariki kupigwa filamu. Sinema yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 11 tangu ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walipoionyesha kwa kiingilio mjini Paris, mwaka 1895. Aliyetaka kuijua alijifunzia kazini, na darasa la Weule lilikuwa uwanja wa ngoma.

Kamera nyingi za enzi hizo hazikuwa na mota. Ziliendeshwa kwa mkono, kwa kuzungusha mpini. Mzunguko mmoja ulipitisha picha nane, na kanuni ilikuwa mizunguko miwili kwa sekunde, yaani picha 16. Mkono ukilegea, kamera hunasa picha chache kuliko inavyotakiwa, na filamu ikija kuonyeshwa kwa mwendo wa kawaida watu huonekana wana haraka isiyoelezeka. Ndiyo sababu mojawapo ya ule mchakamchaka wa filamu za kale unaotuchekesha. Sasa msimamishe mpiga picha mbele ya ngoma ya Kimakonde, umwambie azungushe mpini bila mkono wake kufuata mapigo. Ningependa kumwona anayeweza.

Rangi nayo ilikuwa na shida zake. Filamu ya nyeusi na nyeupe ya miaka ile ilihisi zaidi mwanga wa buluu. Wekundu haikuuona, ikautoa kama weusi. Udongo wa Newala ni mwekundu, na ngozi ya mchezaji ni nyeusi au maji ya kunde. Basi mchezaji na ardhi anayoikanyaga vilielekea kuungana kuwa doa moja. Tena filamu hiyo ilihitaji jua kali, kwa hiyo ngoma za usiku, ambazo aghalabu ndizo tamu, zilipita bila kupigwa.

Nisimsifu Weule kupita kiasi. Alifika mwaka mmoja tu baada ya wapiganaji wa Maji Maji kuichoma misheni ya Masasi, wakati serikali ya Kijerumani ikiendelea kuuadhibu mkoa mzima kwa risasi na njaa. Watu waliosimama mbele ya kamera yake hawakuwa na uhuru mkubwa wa kukataa. Makusanyo yake yakaenda Leipzig. Hata hivyo alichokumbana nacho ndicho anachokumbana nacho kila mwanafunzi wa filamu hadi leo: namna ya kuukata mwendo vipande vipande, kisha kuurudisha uonekane mzima.

Mimi nilikisoma kitendawili hicho Dar es Salaam, katika kozi fupi ya uhuishaji, yaani ufundi wa katuni zinazotembea. Nilitarajia kukalishwa mbele ya kompyuta. Tukapewa penseli na daftari lenye karatasi nyepesi, na zoezi la kwanza likawa kuchora kitu kinachoanguka, kila ukurasa hatua moja. Wenzangu walichora mpira. Mimi, mtu wa Newala, nikachora bibo likiwa na korosho yake, likidondoka kutoka tawi lililo mita mbili juu ya ardhi.

Darasa zima likachora hatua zilizolingana. Tulipoyapekua madaftari kwa kidole gumba, michoro yetu ilishuka polepole na kwa adabu, mithili ya ndoo inayoteremshwa kisimani kwa kamba. Mwalimu akauliza nani alisoma Fizikia. Mikono ikapanda. Akauliza tena nani aliikumbuka wakati wa kuchora. Ikashuka.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili au cha tatu. Kitu kinachoanguka huongeza kasi, na umbali kinaoshuka hukua kwa mraba wa muda. Katuni nyingi huchorwa kwa picha 12 tofauti kwa sekunde. Baada ya picha ya kwanza bibo limeshuka sentimita 3 na nusu hivi. Baada ya ya pili, karibu 14. Ya tatu, 31. Ya nne, 54. Ya tano, 85. Ya sita, 122. Ya saba, 167. Picha ya nane inalikuta mchangani. Hatua za mwanzo zimebanana, za mwisho zimeachana. Chora hivyo na bibo litakuwa na uzito, hata kama mchoro wako ni mduara na kikonyo tu. Chora vinginevyo na hata mchoro wa fundi mkubwa utaelea. Nilikuwa nimeijua kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani. Kwenye daftari lile ndipo nilipoiona kwa macho.

Kwa nini lakini jicho likubali? Karatasi nane ni karatasi nane. Hakuna hata moja inayotembea. Kwa muda mrefu vitabu vilieleza kwamba picha huganda kidogo kwenye jicho na kukutana na inayofuata. Maelezo hayo bado yanafundishwa, na hayatoshi: kama picha zingekuwa zinaganda tu, tungeona mabibo manane yamerundikana. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer, aliyefanya majaribio yake Frankfurt, alichapisha uchunguzi wa mistari miwili iliyowashwa kwa zamu. Zamu zikipishana kwa muda mfupi mno, karibu sehemu 30 za elfu za sekunde, mtu huona mistari miwili kwa pamoja. Zikipishana kwa sehemu 200, huona mmoja, kisha mwingine. Kati ya hapo, karibu sehemu 60, huona mstari mmoja ukihama. Mwendo huo haupo ukutani wala haupo kwenye taa. Ubongo ndio unaoutengeneza, kwa sababu katika maisha ya kawaida kitu kilichokuwa hapa na sasa kiko pale, kwa kawaida kimesogea. Filamu ya picha 24 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya sehemu 42 za elfu, katuni ya 12 kila baada ya 83. Zote mbili zinacheza katika uwanja huohuo ambamo ubongo uko tayari kudanganyika.

Ukilijua hilo, unaitazama vingine historia ya sinema ya kikoloni. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza Leslie Notcutt na Geoffrey Latham waliweka kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wakatengeneza filamu 35 za mafunzo kwa Waafrika na kuzizungusha kwa gari la sinema. Mwaka 1939 London ikaanzisha kitengo rasmi cha filamu za makoloni, kikiongozwa na William Sellers, ambaye alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka, kwa hiyo apewe filamu za polepole, zisizo na ujanja wa kamera. Hapakuwa na kipimo cha maana nyuma ya dai hilo. Mwaka 2010 watafiti Stephan Schwan na Sermin Ildirar walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kusini mwa Uturuki, kwa watu wazima wa vijiji vya milimani ambao hawakuwahi kuona filamu maishani. Baadhi ya mbinu ziliwatatiza kweli. Lakini pale filamu ilipofuata shughuli wanayoijua, hatua kwa hatua, waliielewa pamoja na mikato yake. Kilichoamua ni kama mtu anaijua kazi inayoonyeshwa. Ukimwonyesha mkulima wa Tandahimba jinsi ya kupulizia salfa mikorosho, mikato haitampoteza. Mwonyeshe mtu wa London filamu hiyohiyo, tuone.

Nikarudi kwenye daftari langu na ngoma za nyumbani. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wamakonde wa Msumbiji, kuna mapiko, vinyago vya kuvaa kichwa kizima. Upande wetu zipo ngoma za midimu, zenye vinyago vya uso, zinazotoka wakati wa sherehe za unyago. Mambo ya ndani ya shughuli hizo nayaacha kwa wenyewe. Yanayochezwa hadharani yanatosha kuwa somo. Kinyago kimechongwa, hakicheki wala hakinuni. Lakini mchezaji akiinamisha kichwa kidogo, akasita pamoja na ngoma, kisha akageuka ghafla, watoto wanakimbia. Uso ni uleule. Kilichobadilika ni pembe ya kichwa na muda wa kusita. Mhuishaji wa vikaragosi analipa ada kubwa kufundishwa jambo hilo.

Mchezaji mwingine katika ngoma hizo hucheza juu ya mironjo, na huyo alinipa zoezi gumu kuliko yote. Nilijaribu kumchora kwa hesabu ya mtu wa kawaida, ambaye hatua yake moja huchukua nusu sekunde, yaani picha 12 ukitumia kipimo cha 24. Akawa anachapuka kwa namna isiyowezekana. Mguu unaporushwa mbele hufuata kwa kiasi fulani kanuni ya pendula: muda wa kubembea hukua kwa kipeuo cha pili cha urefu. Mguu ukirefushwa mara mbili kwa mironjo, hatua haichukui muda mara mbili. Huchukua mara 1.4 hivi, yaani picha 17. Nikaongeza picha tano, na mtu wangu akawa mrefu kweli. Urefu wa mchoro sikuugusa.

Na kuna mama wa uwandani na ndoo yake. Uwanda wa Makonde hunyonya mvua. Mchanga wake huyashusha maji hadi chini kabisa, na chemchemi hutokea pembezoni, kwenye mabonde. Vizazi vya wanawake wa Newala vimepanda miteremko ile na maji kichwani, ule upande ambao mgeni hupelekwa Shimo la Mungu kupigia picha bonde la Ruvuma. Mtu anayetembea mikono mitupu, kichwa chake hupanda na kushuka sentimita nne au tano kwa kila hatua. Mwenye ndoo hawezi kujiruhusu hilo, atalowa. Kichwa hubaki mstari mmoja, kazi yote ikafanywa na magoti na nyonga. Ukitaka ndoo yako ya katuni iwe na lita 20, usihangaike na kuchora maji. Tuliza kichwa.

Vifaa ni suala dogo kuliko tunavyoambiwa. Simu yenye kamera, iliyoegemezwa kwenye matofali isitikisike, inatosha kwa kazi ya picha moja moja kwa vikaragosi vya udongo au karatasi. Zingatia mawili. Funga dirisha utumie taa moja, kwa kuwa jua husogea na mawingu hupita, na filamu itapepesa. Kisha zuia kamera isijirekebishie mwanga yenyewe kati ya picha na picha. Ukikosa hata rangi, kata vivuli vya karatasi nyeusi uvilaze juu ya kioo kilichomulikwa kwa chini. Mjerumani Lotte Reiniger alitengeneza filamu nzima ya zaidi ya saa moja kwa vivuli vya namna hiyo, ikatoka mwaka 1926. Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza katuni yake ya vyura mwaka 1966. Programu nazo zipo za bure. Blender haiuzwi, na ndiyo iliyotumika kutengeneza Flow, filamu ya Latvia iliyochukua tuzo ya Oscar ya katuni mwaka 2025.

Kinachoniudhi ni kwamba kusini tumekuwa tukitoa macho na mikono, kisha darasa linajengwa kwingine. Eduardo Tingatinga alitoka Tunduru, njia ileile inayopita Masasi. Mtindo wake wa kuchora ukageuzwa kuwa katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kurushwa Uingereza mwaka 2010. George Lilanga, aliyezaliwa Kikwetu, wilaya ya Masasi, mwaka 1934 na kufariki 2005, alichora mashetani wenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo, kila mmoja katikati ya tendo: anapika, anacheza, anagombana. Ni wahusika wa katuni ambao hakuna aliyewapa picha ya pili. Dar es Salaam wako watengenezaji wa katuni wa Ubongo, ambao tangu mwaka 2014 Ubongo Kids yao inafundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili kwenye televisheni. Wamethibitisha kwamba katuni ya Kitanzania inaweza kutengenezwa nyumbani na kutazamwa mbali.

Basi rai yangu naielekeza kwa walimu wa Fizikia na wa Sanaa wa Masasi, Newala na Tandahimba. Msimu wa mabibo ukifika, wapeni wanafunzi daftari moja na rula. Wapime kimo cha tawi kutoka ardhini, wapige hesabu, wachore picha nane, wapekue. Gharama ni ya penseli.