Petroli Yenye Spiriti: Adui Ni Maji

Barabara itokayo Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi huanza penye miwa na kuishia chini ya mlima. Upande wa Busoga matrekta huvuta matela ya miwa kuelekea Kakira. Mbele, baada ya mabonde ya mpunga, Mlima Elgon hujitokeza ukiwa umejifunika mawingu. Kwa karibu miaka mia moja miwa ya Kakira imeleta sukari mezani. Sasa inatakiwa sehemu yake iingie pia katika matangi ya magari na pikipiki.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2020 kuhusu nishati itokanayo na mimea imeruhusu petroli ichanganywe na ethanoli, ambayo wengi wetu huiita spiriti, hadi asilimia 20. Serikali ilitangaza kwamba uchanganyaji wa lazima ungeanza tarehe 1 Januari 2026 kwa hatua ndogo ya asilimia 5, kisha kiwango kipandishwe polepole. Asilimia 5 maana yake ni hii: katika kila lita 20 zitokazo pampuni, lita moja ni spiriti.

Jambo hili linamgusa askari na familia yake. Malori ya kikosi hutumia dizeli, lakini pikipiki aliyoinunua askari kwa akiba yake na kumkabidhi shemeji yake aiendeshe mjini hutumia petroli. Vivyo hivyo jenereta ndogo ya saluni ya mkewe. Pikipiki hiyo ikilala gereji wiki mbili, ada ya shule nayo hulala. Kwa hiyo yafaa tuijue petroli hii: faida yake, na hasa adui yake.

MOLASI YA KAKIRA

Kiwanda cha sukari cha Kakira, nje kidogo ya mji wa Jinja, kilijengwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Wenye kiwanda walifukuzwa nchini mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine, na kazi ya kukifufua ilianza waliporejea mwaka 1985. Leo makapi ya miwa huchomwa kiwandani humo kuzalisha umeme. Nayo molasi, yaani ule uji mweusi mzito unaobaki sukari ikishatolewa, huchachushwa kwa hamira na kukenekwa hadi ikawa ethanoli. Tani moja ya molasi huweza kutoa yapata lita 250.

Sababu ya kuitaka spiriti hiyo haiko mbali. Nchi yetu haina bandari ya bahari. Petroli yetu hutoka Mombasa na kuvuka mpaka kwa malori, zaidi katika vituo vya Malaba na Busia. Mwezi wa Januari 2008, ghasia za Kenya baada ya uchaguzi zilipofunga njia, pampu zetu zilikauka. Januari 2022, madereva wa malori walipogomea malipo ya vipimo vya korona mpakani, bei ya lita moja ilivuka shilingi 10,000 katika sehemu kadhaa. Asilimia 5 haitaziba pengo kama hilo. Lakini fedha iliyokuwa ikivuka mpaka kununua sehemu hiyo hubaki nchini.

Wala sisi si wa kwanza. Malawi imechanganya spiriti ya miwa katika petroli tangu mwaka 1982. Brazili, iliyoanzisha mpango wake mkubwa mwaka 1975, ilifika asilimia 30 mwaka 2025. Jirani zetu wa Kenya waliuza Nairobi petroli yenye spiriti ya Muhoroni katika miaka ya 1980, kisha mpango ukakoma katika miaka ya 1990. Kinachoshinda au kushindwa, basi, si spiriti yenyewe, bali ni utunzaji wake.

TABIA YA SPIRITI

Petroli ya kawaida haipatani na maji. Maji yakiingia tangini hutua chini, petroli huelea juu, na mwenye kituo huyanyonya na kuendelea na biashara yake. Spiriti haina desturi hiyo. Huyapenda maji kuliko inavyoipenda petroli. Maji yakiwa kidogo sana, huyameza na kuyabeba bila madhara. Yakizidi kiasi, spiriti huiacha petroli, huungana na maji, na vyote viwili hushuka chini ya tangi. Hapo bomba la pampu linaweza kuvuta maji na spiriti badala ya mafuta, na gari huzimika kabla halijafika mbali. Hata petroli iliyobaki juu huwa imepungukiwa na nguvu yake ya kuzuia injini isigonge.

Kiasi kinachotosha kuleta balaa hiyo ni kidogo. Kwa petroli yenye asilimia 10 ya spiriti, ni kama mililita tano tu za maji kwa kila lita. Kwa ile ya asilimia 5 ni pungufu ya hapo. Katika tangi la lita 10,000, jerikeni mbili na nusu za maji hutosha kuharibu shehena nzima.

Hapa ndipo Mbale inapopaswa kuwa macho. Wananchi wa huko hawajasahau usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuua watu zaidi ya 20. Tangi la chini ya ardhi ambalo kifuniko chake kimelegea, au mpira wake umepasuka, halingoji gharika kama ile. Mvua ya jioni moja itokayo mlimani yatosha. Kabla ya kupokea shehena ya kwanza ya petroli yenye spiriti, mwenye kituo hana budi kulikausha tangi, kuondoa masimbi na kutu, na kubadilisha mipira ya vifuniko. Dawa ya kupakwa kwenye fito ya kupimia maji nayo iwe ile iliyotengenezwa kwa mafuta yenye spiriti, kwani ile ya zamani huweza kunyamaza maji yakiwapo.

Gharama hizo si nyepesi kwa mwenye kituo kidogo chenye pampu mbili. Lakini akiziepuka yeye, atazilipa mwenye pikipiki.

WARAGI SI SPIRITI YA GARI

Kuna hatari nyingine, na hii yawahusu askari polisi. Spiriti ya kutia katika petroli hukaushwa kiwandani hadi maji yaliyobaki yawe chini ya asilimia moja. Waragi ya kawaida ina maji zaidi ya nusu. Mfanyabiashara mjanja atakayemimina waragi tangini ili apate faida, kila lita ataingiza zaidi ya nusu lita ya maji. Uchanganyaji ni kazi ya wenye leseni na vipimo. Haufanywi kwa jerikeni nyuma ya kituo usiku.

Kinyume chake pia ni hatari. Spiriti ya viwandani huweza kutiwa sumu makusudi ili isinyweke. Mwaka 2010 watu wengi walikufa Kabale kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Spiriti ya mafuta isionekane nyumbani wala katika baa ya kambi.

USHAURI KWA DEREVA NA MAMA WA NYUMBANI

Spiriti ina kama theluthi mbili tu za nguvu ya petroli. Kwa mchanganyiko wa asilimia 5, pikipiki iliyokwenda kilomita 100 kwa kiasi fulani cha mafuta itakwenda kama kilomita 98. Upungufu huo ni mdogo; anayekuambia kwamba mafuta yanakwisha nusu njia kwa sababu ya spiriti, mwambie akague kabureta yake kwanza.

Spiriti huosha. Katika tangi kuukuu hung'oa uchafu wa miaka mingi na kuupeleka kwenye chujio. Basi safisha tangi, na chujio libadilishwe mara baada ya kuanza kutumia mafuta haya. Katika pikipiki na jenereta za zamani, kagua mipira ya mafuta. Ikiwa imevimba au kulainika, ibadilishe.

Usiweke petroli hii nyumbani kwa miezi mingi. Jenereta itakayokaa bila kazi ikaushwe kabureta. Epuka kununua mafuta ya chupa kando ya barabara, hasa wakati wa mvua. Ukitia mafuta kituoni, omba risiti. Gari likizimika baada ya hapo, kinga mafuta kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, uyaache yatulie. Ukiona matabaka mawili, umepata ushahidi. Rudi kituoni ukiwa na chupa mkono mmoja na risiti mkono wa pili, na usipotendewa haki, upeleke vyote viwili kwa wakaguzi wa viwango.