Fahamu: Msongo wa mawazo unavyouchosha mwili
Msongo wa mawazo huanzia kwenye ubongo, lakini mzigo wake hubebwa na mwili mzima. Mtu anapowaza kodi ya nyumba au ada ya shule, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli: moyo hudunda, sukari hupanda katika damu, misuli ya shingo hukaza. Hali hiyo ikipita upesi haidhuru. Ikidumu miezi, usingizi hukatika, presha hupanda na kinga hudhoofika. Njia mojawapo ya kuupunguza msongo ni mazoezi: Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kushuka daladala kituo kimoja mapema na kutembea haraka huhesabika. Kupumua taratibu, hasa kwa kurefusha pumzi ya kutoka, hutuliza mapigo ya moyo. Pombe, kimbilio la wengi, huharibu usingizi wenyewe.