"Naomba" na "Naombewa": Kiswahili na Fomu ya Viza ya Kielektroniki katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa juu juu si la isimu hata kidogo, nalo ni namna mkazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi anavyoomba viza kwa njia ya mtandao kabla ya kusafiri ng'ambo. Tutashika mfano mmoja, yaani viza ya matibabu ya India, kwa sababu mbili. Kwanza, hiyo ni safari inayowafikia watu wa kila hali: mgonjwa wa Kayole au wa Kaloleni hupelekwa Chennai au Delhi kwa mchango wa jamaa, wa kanisa au wa msikiti, wala si kwa kuwa ana mazoea ya kusafiri. Pili, fomu yake ni ndefu, ni ya Kiingereza, na humalizika kwa tamko ambalo mwombaji huwajibika kwalo. Dai letu ni kwamba fomu hiyo humwuliza mtu mmoja, lakini katika Eastlands aghalabu hujibiwa na wawili. Na kwamba Kiswahili kinachopita kati ya hao wawili kina sarufi inayoweza kuligeuza jibu bila yeyote kati yao kusema uongo.

Utaratibu wenyewe tutaueleza kwa ufupi. India ilianza kutoa viza za watalii kwa njia hii mwaka 2014, na mwaka 2017 ikatenga aina maalumu kwa ajili ya wagonjwa. (Kenya nayo ilianza kuwapa wageni wake viza ya kielektroniki mwaka 2015, na tangu Januari 2024 badala yake imeweka idhini ya kielektroniki ya kusafiri, lakini hilo humhusu mgeni anayekuja.) Mwombaji hujaza kurasa kadhaa za maswali, huambatisha picha yake, ukurasa wa pasipoti na barua ya hospitali inayompokea, hulipa ada kwa kadi, kisha hungoja jibu kwa barua pepe. Jibu likiwa jema, huchapwa karatasi, na alama za vidole huchukuliwa afikapo uwanja wa ndege.

Mahali pa kazi hii ni saiba. Neno hili, lililokatwa kutoka katika jina la Kiingereza la duka la intaneti, limekwisha kukaa katika Kiswahili cha Nairobi kama lilivyokaa neno "duka" lenyewe, na hapana mtu wa Umoja, Dandora au Buruburu anayelihitaji lifafanuliwe. Huko ndiko watu huenda kutafuta pasipoti, cheti cha maadili mema na huduma nyingine za serikali zilizohamia mtandaoni, na viza ya nchi za nje imefuata njia ile ile. Ni kweli kwamba wengi wana simu zenye uwezo wa kuifungua fomu hiyo nyumbani. Lakini simu haimfasirii mtu swali, na kijana wa saiba humfasiria.

Hata jina la hati yenyewe lina vituko vyake. Kenya aghalabu huandika "visa", na hapo neno hukutana na wingi wa "kisa". Tanzania huandika "viza", nalo likaangukia kitenzi cha kale "kuviza", yaani kudumaza au kuharibu, ambacho bado tunakisikia katika "yai viza". Tena iko kadi ya benki yenye jina la Visa, ambayo ndiyo hutumika kulipia viza. Na tangu mwaka 2022 mtu wa M-Pesa anaweza kupata kadi ya namna hiyo katika simu yake. Ndiyo maana katika saiba husikika mteja akiambiwa alete Visa ili aombewe visa. Haya yanachekesha tu, wala hayamdhuru mtu. Yanayofuata si hivyo.

Tuanze na kitenzi. Fomu imejengwa juu ya nafsi ya kwanza umoja: mimi naomba, mimi natamka. Mteja wa Eastlands, hata hivyo, hasemi kwamba amekuja kuomba viza. Husema "niombee viza", "nifanyie viza", "nijazie fomu". Kauli hii ya kutendea ina maana zaidi ya moja, kama wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wajuavyo. "Amenijazia fomu" yaweza kuwa alijaza kwa faida yangu huku mimi nikimtajia la kuandika. Na yaweza kuwa alijaza mahali pangu, kwa akili yake, mimi nikingoja kwenye benchi. Kitenzi hakitofautishi hali hizo mbili, na mazoea ya saiba hayatofautishi pia. Sheria, kwa upande wake, haina nafasi ya kiambishi hicho: lililoandikwa limeandikwa na mwombaji. Mara nyingine hata anwani ya barua pepe iliyowekwa huwa ni ya saiba, kwa hiyo jibu la mgonjwa humfikia mtu mwingine kwanza. Aidha "kuombewa" katika mitaa hii lina maana ya pili iliyo hai mno, ile ya kusaliwa, na mgonjwa anayekwenda India kwa kawaida ameombewa kwa maana zote mbili.

Kuandikwa na mwingine si jambo geni hapa. Sheria ya mwaka 1915 ya kuwaandikisha Waafrika, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimtaka mwanamume Mwafrika achukue kipande chenye alama za vidole na maelezo ya kazi yake. Na maelezo hayo aliyaandika tajiri. Mwenye kipande aliibeba habari yake mwenyewe bila kuitunga. Hatusemi kwamba kijana wa saiba ni sawa na tajiri yule, kwa maana huyu hulipwa na mteja na humtakia mema. Tunasema tu kwamba umbali kati ya mtu na maandishi yanayomhusu una historia ndefu katika Pumwani na Shauri Moyo.

Sehemu ya majina hutupa mfano wa kwanza. Fomu hutaka jina la ukoo mahali pamoja na majina mengine mahali pengine, yote yawe kama yalivyo katika pasipoti. Sasa mwanamke mwenye jina la ubatizo, jina la kuzaliwa na jina la mume, akiulizwa "jina lako la ukoo ni lipi?", hana jibu moja. Ukoo wa nani? Kwa Waswahili wa Majengo na kwa Wasomali wa Eastleigh, ambao hufuatanisha jina la mtu, la baba na la babu, swali lenyewe halina kitu linachokiulizia. Jawabu la kweli haliko katika nasaba. Limo katika mistari miwili ya herufi na alama iliyo chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti, ambamo jina la kwanza kuandikwa baada ya KEN ndilo mashine italoliita la ukoo, lipende lisipende. Kwa hiyo tafsiri ya kamusi humpotosha mtu hapa, na maelezo marefu yasiyo na uzuri wowote, "jina lililotangulizwa katika pasipoti yako", ndiyo humfaa.

Mfano wa pili ni wa yule anayefuatana na mgonjwa. India hutoa viza ya pekee kwa watu hao, wasiozidi wawili kwa mgonjwa mmoja. Katika saiba huitwa "msaidizi", "mtu wa kusindikiza", au huachwa na jina lake la Kiingereza. Lakini kusindikiza ni kwenda na mgeni sehemu ya njia kisha kurudi, na msaidizi aweza kuwa wa kazi yoyote. Kiswahili kina neno lililo barabara kuliko hata la Kiingereza: kutokana na "kuugua" tunapata "kuuguza", na anayeuguza ni mwuguzaji. Kuuguza ni kukaa na mgonjwa, kumlisha, kumgeuza, kumkeshea. Bahati mbaya hospitali zetu zimelichukua neno "mwuguzi" kwa ajili ya mtaalamu mwenye cheti, na mama wa Jericho anayempeleka mwanawe kutibiwa moyo akiitwa mwuguzi atakana mara moja kwamba hakusomea kazi hiyo. Twaona yafaa "mwuguzaji" litengwe kwa jamaa wa mgonjwa, na "mwuguzi" libaki kwa mtaalamu.

Sasa tufikie jambo lililo zito zaidi. Karibu na mwisho wa fomu kuna maswali ya ndiyo au hapana: kama mwombaji amewahi kukataliwa viza ya India, kama amewahi kufukuzwa katika nchi yoyote, kama amewahi kushikwa na sheria, na kama amewahi kujihusisha na ugaidi au biashara ya watu. Kijana wa saiba, ambaye anamheshimu mteja aliye rika la mama yake, haoni adabu kumwuliza kwa uso mkavu kama amewahi kuwa gaidi. Huligeuza swali likawa kanushi: "Mama, hujawahi kukataliwa viza, sivyo?" Na mama hujibu, "Ndiyo."

Katika Kiswahili jibu hilo ni sahihi kabisa. "Ndiyo" limejengwa kwa "ndi-" ya kusisitiza na "-yo" ya rejeshi. Maana yake ni kwamba jambo ni hilo ulilolisema. Hukubaliana na kauli nzima ya mwulizaji, pamoja na ukanushi wake. Mama amesema: ndivyo, sijawahi. Kiingereza hakiendi hivyo, kwa kuwa neno lake la kukubali hufuata ukweli wa tendo bila kujali umbo la swali. Kidole kikilifuata neno badala ya maana, fomu itasomeka kwamba mama huyu aliwahi kukataliwa, na kisanduku kitafunguka kumtaka aeleze. Akiandika maelezo yasiyoeleweka, ombi laweza kukataliwa. Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, atakuwa mtu aliyewahi kukataliwa viza.

Vijana hawajaepukana na tatizo hili. "Hujai shikwa na makarao?" hujibiwa "ee" kwa maana ile ile ya "ndiyo" ya wazee wao, na akijibu "zii", msikilizaji hana budi kutazama uso wake ili ajue anakana nini. Wale wanaodai kwamba Sheng ni Kiingereza kilichovikwa viambishi vya Kiswahili wangefanya vyema kulitafakari hilo. Msamiati umehama, mantiki ya jibu haikuhama.

Swali la kushikwa lina kasoro nyingine. Fomu huviweka pamoja vitenzi vitatu, yaani kukamatwa, kushtakiwa na kuhukumiwa, kisha huitaja mahakama mara moja tu mwishoni. Kwa Kiingereza mtu aweza kupita bila kujiuliza mahakama inafungamana na kitenzi kipi. Kwa Kiswahili mtenda wa kauli ya kutendwa huingizwa kwa "na", na mara tusemapo "kukamatwa, kushtakiwa au kuhukumiwa na mahakama" tunaona kwamba mahakama haikamati mtu. Kijana wa Dandora aliyezolewa katika msako wa usiku na kuachiliwa asubuhi bila shtaka, ajibuje? Amekamatwa, hakushtakiwa. Katika saiba jambo hili huamuliwa kwa sekunde chache, mara nyingi kwa neno "weka hapana". Yafaa ikumbukwe kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 49, humpa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu. Basi kijana yule, alipokuwa mikononi mwa polisi, alikuwa na haki ya lugha ambayo hana sasa anapoulizwa habari za usiku ule.

Hatuwezi kuilazimisha Serikali ya India kuandika fomu zake kwa Kiswahili, ingawa serikali yetu, ambayo Kifungu cha 7 kimeifanyia Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, haina udhuru huo kwa fomu zake yenyewe. Lililo ndani ya uwezo wa idara zetu ni dogo na laweza kufanyika mwaka huu: karatasi moja ya kubandikwa ukutani katika saiba, yenye maswali hayo kwa Kiswahili, yote katika umbo yakinishi. "Je, umewahi kunyimwa viza ya India?" Na mteja aombwe asijibu kwa "ndiyo" wala "hapana", bali kwa kitenzi kizima: "nimewahi" au "sijawahi". Hapo utata wote huisha, kwa kuwa ukanushi umo ndani ya kitenzi chenyewe. Karatasi hiyo isitungwe ofisini. Tumekwisha kuona jinsi "tarakilishi" na "ngamizi" yalivyoshindana vitabuni huku watu wakisema "kompyuta". Na vijana wa saiba, ambao hufasiri maswali haya mara nyingi kuliko sisi, wanajua ni neno lipi humfanya mteja asite.

Limebaki tamko la mwisho. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja. Kiswahili kinatutaka tuchague kati ya "natamka", "nakiri", "nathibitisha" na "naapa". "Nakiri" lina harufu ya kosa, na "naapa" humwita Mungu mahali ambapo fomu haikumwita. "Natamka" ndilo lililo karibu zaidi. Lakini hata kitenzi kikiwa sawa, nafsi bado si sawa. Sheria ya Kenya ya Viapo na Matamko, Sura ya 15, ililiona jambo hili zamani katika hati za karatasi: kwa mtu asiyejua kusoma, anayemwapisha huandika kwamba maneno yalisomwa mbele yake na kwamba alionekana kuyafahamu. Kauli ya kutendea imo humo, kwa muhuri. Kama karatasi ya ukutani itakuwa na mstari wa chini, tungependekeza usomeke hivi, usomwe kwa sauti kabla ya kidole kubonyeza: "Natamka kwamba majibu haya ni yangu, nimeandikiwa, nimesomewa yote kwa lugha ninayoifahamu, na palipokosewa pamerekebishwa mbele yangu."