Michembe na matobolwa: jinsi kiazi cha msimu wa mvua kinavyofika kiangazi

Mvua za Usukuma huanza mwezi wa Novemba na kwa kawaida hukatika Mei. Viazi vitamu vilivyopandwa kwenye matuta hukomaa karibu vyote kwa pamoja, na kwa wiki chache kila nyumba ina viazi vingi kuliko walaji. Kazi ni kuhakikisha vinapatikana hata Septemba, shamba likiwa kavu.

Kuviacha ardhini hakusaidii. Udongo ukikauka hupasuka, na nyufa hizo ndizo njia ya fukusi wa viazi vitamu, mdudu asiyeweza kuchimba udongo mwenyewe. Kiazi kilichotobolewa na mabuu ya fukusi huyo hujihami kwa kutengeneza kemikali chungu, hata sehemu iliyobaki nzima ikawa hailiki. Kuvichimba na kuviweka ndani nako kuna kikomo, kwani zaidi ya robo tatu ya uzito wa kiazi kibichi ni maji, na penye maji vijidudu huzaana.

Wasukuma walipata dawa mbili. Michembe ni viazi vibichi vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Ukitazama juu juu utadhani ni njia moja, lakini kinachotokea ndani ya kiazi ni tofauti kabisa.

Jua linafanya nini?

Kuanika hakuui vijidudu vyote, kunavinyima maji. Wanasayansi hupima maji ambayo vijidudu vinaweza kuyatumia kwa kipimo cha 0 hadi 1, ambapo maji safi ni 1. Bakteria wengi hushindwa kuzaana kipimo kikishuka chini ya 0.9, kuvu wengi chini ya 0.8, na chini ya 0.6 hakuna kijidudu kinachoota. Kilo 100 za viazi vilivyomenywa, zikikauka vizuri, hubaki kama kilo 26. Ndiyo maana gunia moja la michembe ni chakula kingi.

Sasa tazama kipande cha mchembe. Kisu kinapokata kiazi kibichi, vimeng'enya vilivyokuwa ndani ya seli hukutana na oksijeni, na kipande huanza kubadilika rangi kabla hata hakijafika juani. Wanga wake hubaki mbichi, kwa hiyo michembe lazima ipikwe, mara nyingi kwa karanga.

Kwenye matobolwa, moto umeshafanya kazi kubwa kabla ya jua. Kiazi kinapopita kati ya nyuzi 60 na 75 za Selsiasi, wanga hulainika na kimeng'enya kimoja huukatakata kuwa sukari iitwayo maltosi. Joto likizidi, kimeng'enya hicho nacho huharibika, pamoja na vile vinavyoleta weusi. Kwa hiyo moto wa taratibu huzaa matobolwa matamu zaidi, na kwa kuwa yameshaiva, mtu huyatafuna makavu au huyala na chai.

Hatari na hasara

Adui mkubwa ni kukausha nusu nusu. Vipande vinene, au vilivyonyeshewa na mvua ya mwisho, hukaribisha kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha chakula hakuiondoi. Kinga ni kukausha upesi na kukausha kabisa: kipande kikavu cha mchembe huvunjika kwa mlio, hakipindi.

Hasara ya pili haionekani kwa haraka. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina betakarotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho ya watoto wetu. Wengi hudhani jua ndilo linaloimaliza. Kweli jua kali huipunguza, lakini sehemu kubwa zaidi hupotea baadaye, ghalani, oksijeni inapoila mwezi baada ya mwezi.

Dawa ya hasara hii ipo madukani: mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa. Ikifungwa vizuri, oksijeni ndani hupungua, wadudu hufa na betakarotini huharibika polepole zaidi.

Mwenye viazi msimu huu akate vipande vya milimita tatu hadi tano, aanike juu ya kichanja badala ya chini penye vumbi na kinyesi cha kuku, afunike viazi lishe kwa kitambaa chepesi, kisha afunge mfuko barabara. Viazi lishe vilivyokaushwa viliwe mapema, vyeupe vingoje. Bibi zetu walituachia njia iliyo sahihi kisayansi; wajibu wetu ni kuikamilisha, ili mtoto anayekula mchembe mwezi wa Septemba apate lishe, si shibe tu.